Skrini inayowaka kwa ubavu: kurekebisha mwelekeo wa paneli ndani ya kerneli ya Linux

Kompyuta nyingi ndogo za mkononi hutumia paneli ya kishikwambi, iliyotengenezwa kusimama wima, ikalazwa ndani ya kasha la mlalo. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, isipoambiwa, huchora picha kana kwamba paneli bado imesimama, na maandishi yote hulala ubavu. Draiva ya michoro (i915 ya Intel au amdgpu ya AMD) haijaharibika. Kinachokosekana ni taarifa za mashine yako katika faili moja tu: `drivers/gpu/drm/drm_panel_orientation_quirks.c`.

Kwanza angalia maandishi yanayopita wakati mashine inawaka. Yakiwa yamenyooka lakini eneokazi ndilo limelala, usiguse kerneli. Hapo kihisi cha mwendo kinasomwa vibaya, na dawa yake ni `ACCEL_MOUNT_MATRIX` katika `60-sensor.hwdb`, faili ya systemd yenye taarifa za vihisi. Vikilala vyote viwili, kusanya taarifa:

```
ls /sys/class/drm
cat /sys/class/drm/card0-DSI-1/modes
grep . /sys/class/dmi/id/* 2>/dev/null
```

Badala ya `card0-DSI-1` weka jina utakaloliona kwako. Mara nyingi huwa eDP-1. Mstari wa kwanza wa `modes` ndio ukubwa halisi wa paneli, tuseme 800x1280.

Kabla ya kuandika kodi, jaribu kwa kigezo cha kuwashia kerneli. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayopakia kerneli, bonyeza `e`, nenda mwisho wa mstari unaoanza na `linux`, uongeze:

```
video=DSI-1:panel_orientation=right_side_up
```

Jina hilo linataja upande wa paneli ulioko juu ya kasha. Maandishi yakipanda kutoka chini kwenda juu, ni `right_side_up`. Yakishuka, ni `left_side_up`. Yakipinduka kabisa, `upside_down`. Wengi hukimbilia `fbcon=rotate:1`, lakini hiyo huzungusha konsoli peke yake na eneokazi halipati habari.

Picha ikinyooka, fungua ile faili ya `drm_panel_orientation_quirks.c` ndani ya kodi ya kerneli. Mfano mzuri wa kuiga ni wa Steam Deck, kwa sababu mtengenezaji alijaza majina yanayoeleweka:

```
}, {	/* Valve Steam Deck (Jupiter) */
	.matches = {
	  DMI_EXACT_MATCH(DMI_SYS_VENDOR, "Valve"),
	  DMI_EXACT_MATCH(DMI_PRODUCT_NAME, "Jupiter"),
	  DMI_EXACT_MATCH(DMI_PRODUCT_VERSION, "1"),
	},
	.driver_data = (void *)&lcd800x1280_rightside_up,
```

Nakili maneno kutoka `/sys/class/dmi/id` (majina ya DMI, ambayo mtengenezaji huyaandika ndani ya mashine) herufi kwa herufi, kubwa kwa ndogo. `DMI_MATCH` hukubali hata kipande cha neno, kwa hiyo pendelea `DMI_EXACT_MATCH`. Nafasi za kulinganisha ni nne tu kwa kila mashine.

Kazi ngumu iko kwenye mashine za bei nafuu, ambazo mtengenezaji wake hakujisumbua kujaza majina. Utakuta `Default string` au `To be filled by O.E.M.` kila mahali. Ukitegemea maneno hayo peke yake, utalaza skrini za watu wengine wenye bodi kama hiyo na paneli ya ukubwa uleule. Ndiyo maana kompyuta ndogo ya GPD Pocket imebanwa pia kwa `bios_dates`, orodha ya tarehe za BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) inayoishia na `NULL`. Ubaya wake unajulikana: mtumiaji akisasisha BIOS, tarehe mpya haimo na skrini inalala tena. Tumia tarehe pale tu usipokuwa na njia nyingine.

Kosa la kimyakimya kuliko yote ni kuandika kinyume upana na urefu wa paneli katika data inayotajwa na `.driver_data`. Kerneli hulinganisha ukubwa wa paneli ilivyo, 800 kwa 1280. Ukiandika 1280 kwa 800, taarifa zako zinarukwa bila onyo lolote.

Kujenga kerneli, ukiwa ndani ya folda ya kodi yake:

```
cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig
make -j$(nproc)
sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
sudo make install
```

Usipoweka `INSTALL_MOD_STRIP=1`, initramfs (faili ya kuanzia inayopakiwa pamoja na kerneli) huvimba na `/boot` hujaa. Kwenye Ubuntu ujenzi hukwama ukitafuta `canonical-certs.pem`, futa thamani hizi ndipo urudie `make`:

```
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
```

Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, nayo hukataa kerneli isiyo na saini, basi izime wakati wa majaribio.

Unapojaribu, ondoa kile kigezo cha `video=`, la sivyo unapima kigezo, si kodi yako. Hakikisha kwa `uname -r` kwamba umeingia kwenye kerneli mpya, kisha endesha `modetest -c`, programu ya kukagua skrini, utafute `panel orientation`. Thamani 3 ni upande wa kulia juu, 2 ni wa kushoto, 1 ni kichwa chini. Thamani ikiwa sahihi na eneokazi bado limelala, tatizo limehamia kwenye programu ya eneokazi.

Kupeleka kiraka, yaani badiliko lako, kwa wasimamizi wa kerneli, weka kichwa cha `drm: panel-orientation-quirks: Add quirk for` kikifuatiwa na jina la mashine, tumia `git commit -s`, pitisha kwenye `scripts/checkpatch.pl`, na uwapate wapokeaji kwa `scripts/get_maintainer.pl`. Ndani ya ujumbe eleza kwa nini majina uliyochagua hayawezi kugusa mashine nyingine. Hilo ndilo swali utakaloulizwa.