Somo: Msimbati na watoto kwa siku moja, kwa kufuata maji

Mara ya kwanza niliwapeleka wanangu Msimbati, pwani ya Mtwara, Jumamosi, kwa sababu tu ilikuwa Jumamosi. Tukafika saa nne, maji yamejaa. Kitinda mimba akatazama huku na huku, akauliza, "Mama, wanyama wako wapi?" Walikuwa chini ya maji yale yale. Hii ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Hapa hutafuti simba.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi. Tazama kalenda ya Kiislamu ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17, ni bamvua: maji hutoka sana, na kwetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Tarehe 8 na 22 ni maji mafu, hayatoki sana. Siku hizo bakini nyumbani mfue.

Hatua ya 2: Malipo. Ulizia ofisi ya hifadhi mapema, lipa kwa kontrol namba, tunza risiti. Beba kitambulisho cha taifa, maana mwananchi na mgeni hawalipi sawa.

Hatua ya 3: Njia. Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 40, kupitia Mangamba na Madimba. Ondokeni saa moja. Mkikuta ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha njiani, nunueni; mkate wa dukani hauhimili jua la huko.

Hatua ya 4: Mwambani. Fikeni saa moja na nusu kabla maji hayajapwa kabisa, muyafuate yanavyotoka. Raba miguuni kwa kila mtu, kandambili hapana: kuna vidude vyeusi vya miiba mirefu, na mwiba ukivunjikia unyayoni siku imeisha. Kisha chuchumaeni. Watu wazima wengi hukosea hapa, wanatembea tu. Chagueni kidimbwi kimoja mkikodolee macho dakika kumi. Kwanza hamwoni kitu, halafu jiwe linahama, kumbe kaa. Kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, kinasogea polepole. Kina mama wanaochokoa pweza wakiwa karibu, wasalimieni. Jicho lao huona tundu la pweza pale ninyi mnapoona mwamba mtupu. Jiwe ulilofunua lirudishe lilivyokuwa, na kauri yenye mdudu ndani iache.

Maji yakigeuka, tokeni. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, na mtoto hajui hilo.

Hatua ya 5: Mikoko. Mchana kaeni kivulini, mle. Jua likipoa, nendeni upande wa mikoko mkaone mizizi iliyochomoza topeni ili ipumue, na kaa dume mwenye gando moja kubwa akilipunga kama anaita daladala.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zai, Masasi: Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka mitatu, nimlete?
*Marahaba mwanangu. Mlete, ila mwambani asiende. Mwache achezee mchanga na mtu mzima mmoja asiyeshika simu.*

Mdau wa Nachingwea: Kasa tutawaona?
*Usiwaahidi watoto. Kasa wa kijani na ng'amba wapo, lakini hupanda ufukweni kutaga usiku, nanyi mtakuwa mmeshaondoka. Mkikuta alama pana za mabapa mchangani, zifuateni kwa macho tu, kiota hakichokonolewi.*

Baba Nasra, Newala: Gari yangu ndogo, nitafika Ruvula?
*Kaka, ishia Msimbati. Njia ya kuendelea mbele hadi Ruvula ni mchanga mlaini. Tulishawahi kusukuma gari pale hadi adhuhuri, na maji hayakutusubiri.*

Binti Mikindani: Nyangumi je, mwalimu?
*Agosti hadi Oktoba hupita huku, wengine na watoto wao. Ukitazama nje ya mwamba asubuhi kabla kusi halijachachamaa, tafuta mvuke unaoruka juu kama moshi. Mwaka jana wanangu waliuona mara mbili. Mimi nilikuwa nimeinama namenya ming'oko.*