Jointi ya kebo ya chini inachemka? Anzia kwenye koneta

Jointi (pale kebo mbili zinapoungwa) nyingi zinazoungua ardhini ugonjwa wake ulianza siku ile ile zilipofungwa. Fundi anahangaika slivu ya nje ikae vizuri, afu koneta ya ndani, ambayo ndo inaunga nyaya na kubeba umeme wote, kaibana na dai (ile taya ya mashine ya kubania) lisilo lake. Hapo panabaki ukinzani, na ampea zikipanda mara 2 joto linapanda mara 4, ndo maana jointi inatulia miezi afu inalipuka siku lodi imekuwa kubwa.

Sa iko hivi. Zima laini, pima kama imekufa kweli, weka ethi (unganisha laini na ardhi). Kebo ikiwa ya alumini sugua nyuzi na brashi ya waya mpaka zing'ae afu paka grisi ya kuungia papo hapo, maana alumini ikigusa hewa tu inavaa utando wa oksaidi usiopitisha umeme. Alumini na shaba zinataka koneta ya metali mbili. Saizi iwe ya kebo yenyewe, na usije ukapunguza nyuzi eti kebo iingie, mi nimeshaona jamaa anafanya hivyo akasema "hamna noma", noma ikaja baadaye. Bana mpaka mashine ijiachie yenyewe. Koneta za bolti za kukatika, kaza mpaka kichwa kikatike.

Kabla hujafunika, pima na mita ya maikro-omu: kipande chenye koneta kisizidi ukinzani wa kipande kizima cha kebo hiyo hiyo chenye urefu sawa. Kikizidi, kata urudie, inauma lakini kata. Wakati wa kusafisha futa kutoka kwenye insulesheni kwenda kwenye semikonda (lile tabaka jeusi lenye kaboni juu ya insulesheni), usirudi nyuma, utasambaza kaboni.

Kufukia nako watu wanapuuza. Udongo mkavu wenye mawe na mapengo ya hewa unafungia joto ndani, na kebo ya XLPE (aina ya insulesheni ya plastiki) mwisho wake ni nyuzi joto 90 za Selsiasi muda wote, kwa hiyo weka mchanga laini ushindilie vizuri. Kebo zikiwa kadhaa, jointi zipishane, zisikae sehemu moja.

Zile za kwenye chemba zipige kamera ya joto lodi ikiwa juu, ulinganishe fezi 3. Zikiwa na lodi sawa afu moja ina joto kuzidi wenzake, usiizungushie tepu, panga siku ya kuzima uikate.