Kufundisha Kiingereza cha hali ya hewa kwa michezo: ninavyofanya darasani kwangu Tanga

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nilichapisha kadi za rangi kutoka intaneti. Zilikuwa za majira manne ya Ulaya: majani yanapukutika, theluji imetanda, mtoto kavaa glavu nene. Nikauliza, "Huyu mtoto anafanya nini?" Darasa zima likajibu, "Bondia!" Kadi zile sikuzirudia tena. Siku hizi naanza na anga la hapa hapa.

Ninachoeleza kinafaa darasa la kwanza na la pili, na kinakwenda vipindi viwili vya dakika 30. Tafuta manila moja, makapeni, chaki na boksi tupu.

Hatua ya 1: Toka nje na maneno sita

Sita yanatosha: sunny, cloudy, windy, rainy, hot, cold. Kabla hujataja hata moja, watoe watoto nje waangalie minazi na mawingu, waseme wanachokiona kwa Kiswahili. Upepo watoto wa Tanga hawafundishwi. Wengi wana baba au mjomba anayekwenda baharini, na majina ya kaskazi na kusi wameyasikia nyumbani kabla hawajajua kusoma. Mtoto akikwambia, "Mwalimu, leo kusi," usimwambie hilo si jibu. Mpe windy papo hapo, maana maana yake anayo tayari.

Angalia sunny na hot. Sisi tukisema "leo jua kali" tumesema yote mawili kwa mkupuo, kwa hiyo watoto huyachanganya. Mimi kwa sunny naonyesha juu, kwa hot najipepea na daftari.

Hatua ya 2: Makofi

Ulimi wetu unapenda irabu baada ya kila konsonanti, basi hot inakuwa "hoti" na cloudy inakuwa "kilaudi". Kusahihisha mtoto mmoja mmoja kutakumalizia kipindi. Tumia makofi: hot kofi moja, cold kofi moja, cloudy makofi mawili. Mtoto akisema "hoti" atajikuta kapiga mara mbili wakati wenzake wamepiga moja, na atacheka mwenyewe. Dakika tano tu, kisha endelea.

Hatua ya 3: Pembe nne

Chora mraba mkubwa uwanjani, kila pembe uweke picha moja uliyoichora kwenye manila. Ukisema "It is windy!" wote wanakimbilia pembe ya upepo. Lakini ukisema "Windy!" peke yake, hakuna kusogea. Atakayekimbia anatoka, anakuja kusimama nawe na kusaidia kutoa amri.

Sharti hilo ndilo moyo wa mchezo. Kwetu jua linawaka, upepo unavuma, mvua inanyesha. Kila jambo lina mtendaji wake. Kiingereza kinaanza na hiyo it, isiyo mtu wala kitu. Ndiyo maana mtoto atakwambia "Rain is raining" na kuona kasema sawa kabisa, kwa kuwa kafuata "mvua inanyesha" neno kwa neno. Mtoto wa miaka saba usimpe somo la sarufi. Mwache asubiri it is kama anayesubiri filimbi, na baada ya raundi kumi masikio yake yatakuwa yanaitafuta.

Darasa likiwa kubwa, wakimbize kwa mafungu ya kumi na tano. Mimi niliwahi kuwaachia wote kwa pamoja, nikamaliza kipindi napuliza magoti yaliyochubuka.

Hatua ya 4: Kitendawili, nipe mji

Huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote, na hauhitaji kifaa chochote. Nasema, "Kitendawili!" Wanajibu, "Tega!" Natega kwa Kiswahili: "Hana mikono, lakini anaangua nazi." Jibu lazima liwe sentensi ya Kiingereza: "It is windy." Kingine: "Bibi kafunika sufuria, hatuoni moto." Hapo ni "It is cloudy." Tunga vyako; watoto nao watatunga, vingine vya ajabu, na wewe uvikubali.

Wakishindwa, unajua ada yake: "Nipeni mji." Hapa ndipo utamu ulipo. Wakisema, "Tunakupa Lushoto," mimi najifunga kanga mabegani, natetemeka: "Nilikwenda Lushoto nikala matunda damu, asubuhi sikuona hata mlima wa jirani. It is cold. It is foggy." Foggy sikuifundisha, lakini wameipata kwa sababu wengi wana ndugu huko Usambara na ule ukungu wanauelewa. Siku nyingine walinipa Moshi. Nikasema nimeinua macho nikaona Kilimanjaro, kileleni mita 5,895, na pale juu kuna snow. Mmoja akauliza, "Mwalimu, ndiyo barafu zile za kuuzwa?" Tukajadili hadi kengele ikalia. Neno hilo sikulipanga, na sijaona mtoto aliyelisahau.

Baada ya siku mbili, zamu ya kwenda mjini iwe yao. Mtoto anayepewa mji lazima aseme sentensi mbili za hali ya hewa kabla ya kutoa jibu.

Hatua ya 5: Mtangazaji

Kata boksi liwe na dirisha kama televisheni. Kila asubuhi mtoto mmoja anachungulia nje, anaingiza kichwa kwenye boksi na kutangaza: "Good morning. Today it is hot." Isizidi dakika moja. Andika neno la siku kwenye kalenda ya ukutani. Ikifika masika wataona wenyewe rainy inavyojipanga.

Na masika yenyewe yakikukuta katikati ya somo, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba huwezi hata kujisikia, usisimamishe mchezo. Warudishe kwenye madawati, simama mbele, sema sentensi bila sauti, wao wasome midomo na kuonyesha kwa mikono. Ukikusudia kuwatega, anza na rainy bila it is, uone wangapi watabaki wametulia.