Kusoma mhuri uliofifia kwenye kisu cha zamani

Ukiokota kisu cha kukunja cha kizamani pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, usikimbilie msasa. Sugua chaki ya kawaida kwenye shina la ubapa, karibu na pini ya kukunjia, kisha pangusa juujuu kwa kidole kikavu na umulike tochi ya simu kwa ubavu, si kutoka juu. Chaki hubaki ndani ya herufi zilizogongwa, na mwanga wa pembeni hutupa kivuli kwenye kila kibonyeo. Mimi nilidhani changu ni chuma tupu, kumbe kuna nyota na msalaba: alama ya Joseph Rodgers, watengenezaji visu wa Sheffield, Uingereza. Ukisoma "Stainless" (chuma kisichoshika kutu), muuzaji asikuambie ni cha karne ya 19. Chuma hicho kilianza Sheffield mwaka 1913. Njia hii hugoma pale kutu ilipokwisha kula chuma, au mnoaji alipopitisha jiwe hadi shinani (na wengi hupitisha, bila huruma). Maandishi yaliyochorwa kwa asidi ubavuni nayo hayana kina, chaki haishiki; hapo tegemea tochi peke yake. Ukimaliza, futa chaki yote na upake tone la mafuta ya cherehani, maana chaki huvuta unyevu.