Somo: Kufuatilia mwitikio wa wapiga kura, kituo kwa kituo

Mbukwenyi wanakikundi.

Niliahidi somo hili tangu tulipomaliza kazi ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, nikawa naliahirisha. Wiki hii wenzetu wawili wameuliza tena, kwa kuwa kwao kiti cha mwenyekiti kiko wazi na utafanyika uchaguzi mdogo. Uchaguzi wa serikali za mitaa huja kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo wa nchi nzima tutauona tena 2029. Uchaguzi mdogo ni mahali pazuri pa kujifunzia: kituo kimoja au viwili, na hakuna anayekusukuma.

Kuhesabu watu hakuna ugumu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Tunakosea kwenye namba ya chini, yaani idadi ya walioandikwa, ile tuliyoiita asili tulipofundishwa sehemu shuleni. Ndiyo maana somo linaanzia siku nyingi kabla ya kura.

Hatua ya kwanza: pata namba ya chini

Uchaguzi wa kijiji na mtaa una orodha yake ya wapiga kura. Si Daftari la Kudumu la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mwaka 2024 watu walichanganyikiwa sana hapa, kwa sababu Tume ilikuwa ikiboresha Daftari mwaka huohuo, halafu TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, ikaandikisha upya kwa ajili ya mitaa kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Mama mmoja kwetu alikataa katakata kwenda mara ya pili: "Kadi si ninayo?" Kadi alikuwa nayo, jina kwenye orodha ya kitongoji hakuwa nalo.

Orodha ikibandikwa kwenye mbao za matangazo, nenda ukahesabu majina kwa kidole, moja moja, wanawake na wanaume kila kundi safu yake. Usikubali namba ya kuambiwa na mtu aliyekaa ofisini. Nilikubali mara moja, nikaja kugundua niliyopewa ilikuwa ya kijiji kizima, na mimi nilikuwa na kitongoji kimoja tu. Rudi tena baada ya siku za pingamizi, maana majina huongezwa na kufutwa.

Hapa nisimame kidogo. Kitaifa mwaka 2024 walijiandikisha watu 31,282,331, na makadirio ya wenye sifa yalikuwa 32,987,579. Ukigawanya unapata asilimia 94.83. Mpaka leo nakutana na watu wanaoisema asilimia hiyo kama ndiyo waliopiga kura. Sivyo. Hao ni walioandikwa kwa kulinganisha na makadirio, na wakati huo hata karatasi za kura hazijagawiwa. Kuna asilimia mbili tofauti: walioandikwa kati ya wenye sifa, na waliopiga kura kati ya walioandikwa. Ukiandika asilimia, iandikie mbele "kati ya" nani. Isiyo na "kati ya" mimi siisomi.

Hatua ya pili: kibali na mahali pa kukaa

Mwangalizi wa ndani ya nchi anakuwa na kibali, na huombwa mapema. Wakala wa chama ana utaratibu wake, naye anakaa ndani. Kama huna kimojawapo, piga kura yako uondoke. Usijibanze chini ya mkwaju na daftari ukidhani hakuna anayekuona. Kijijini anaonekana hata mbuzi mgeni. Nguo isiwe ya rangi za chama chochote, na wakala wa kila upande msalimie sawasawa.

Fika kabla ya saa 2:00 asubuhi, kituo kinapofunguliwa. Andika saa kilipofunguliwa kweli, siyo saa iliyoandikwa kwenye tangazo. Dakika 40 za kutafutana na mihuri zitakuja kueleza mengi baadaye.

Hatua ya tatu: hesabu wanaotoka

Saa mbili za kwanza za 2024 nilihesabu foleni. Kituo changu kilikuwa kwenye kitongoji kimoja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, wilaya ileile aliyopigia kura Rais Samia, na foleni ilikuwa ndefu kweli. Kufika saa 4 nilikuwa na watu 160 na ushee. Nilipomuuliza msimamizi wa kituo, alama zake kwenye orodha zilikuwa 131. Nikaona ananidanganya. Kumbe wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga walipitishwa mbele, mimi nikawa nimewahesabu wakiwa nyuma na tena wakiwa mbele. Wengine walitoka juani wakaenda kivulini, waliporudi nikawahesabu upya. Na wapo waliofika mezani, jina likakosekana, wakarudi nyumbani.

Basi simama unapoona mlango wa kutokea. Mtu akitoka baada ya kutumbukiza, mstari mmoja kwenye kaunta buku. Minne wima, wa tano unakata. Mwenzangu wa kituo cha pili yeye alitumia mbegu za ubuyu: kila mtu mmoja, mbegu inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto. Tulimcheka asubuhi. Jioni yeye na msimamizi walipishana mtu mmoja, mimi nilipishana na wangu watu sita.

Hesabu vichwa, usihesabu karatasi. Kijijini mpiga kura mmoja anachagua mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Mjini ni mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Ukijumlisha karatasi utatangaza kwamba kitongoji cha watu 400 kimepiga kura 900, na simu yako haitapumzika.

Hatua ya nne: soma kila baada ya saa mbili

Saa 4, saa 6, saa 8, saa 10. Nachukua namba za mfano, tuseme orodha ina majina 412.

Saa 4:00 wametoka 131, asilimia 31.8.
Saa 6:00 wametoka 214, asilimia 51.9.
Saa 8:00 wametoka 256, asilimia 62.1.
Saa 10:00 wametoka 291, na tisa bado wako kwenye foleni. Aliyekuwa kwenye mstari saa 10:00 anaruhusiwa kupiga, kwa hiyo usifunge daftari. Jumla 300, asilimia 72.8.

Sasa tazama mwendo. Saa mbili za mwanzo walipita 131, zilizofuata 83, kisha 42. Ukiona hivyo saa 8 usikimbilie kuandika "watu wamesusa". Mwishoni mwa Novemba huku kwetu mawingu yameshaanza kujikusanya, watu wanaberega mashamba, yaani kuyasafisha kabla ya kupanda. Mkulima wa mtama anapiga kura kituo kikifunguliwa tu halafu anaondoka, au anamaliza shamba kwanza anakuja saa 9. Mwanamke anayefuata maji mbali ana saa zake pia. Mjini picha ni nyingine. Siku ile ilikuwa Jumatano na ilitangazwa mapumziko, mitaa ya Ipagala na Nzuguni iliamka taratibu.

Angalia pia uwezo wa kituo chenyewe. Kama kila mtu anachukua dakika moja mezani, saa nane zinatosha watu 480. Orodha ikiwa na majina 700 na meza ni moja, mwitikio mdogo hautakuwa uvivu wa wananchi. Ndiyo maana nasisitiza urefu wa foleni nao uandikwe, ila kwenye safu yake peke yake.

Hatua ya tano: safu ya waliorudishwa

Hii hamtaikuta kwenye fomu ya mtu yeyote, na mimi naipenda kuliko nyingine zote. Kila anayefika akarudishwa, andika na sababu kwa neno moja: jina halipo, kituo sicho, utambulisho. Usiandike jina lake. Hawa hawaingii juu ya hesabu yetu, na wengi wao hawamo hata chini, maana hawamo kwenye orodha, kwa hiyo kituo kinaweza kusomeka asilimia 90 huku watu 35 wamerudi na jua lao. Ukiona wengi wanarudishwa kwa "kituo sicho", huenda mpaka wa vitongoji viwili haukueleweka wakati wa kuandikisha. Jambo hilo linarekebishika, lakini awepo mtu mwenye namba.

Hatua ya sita: kuunganisha vituo

Kitongoji cha kwanza 300 kati ya 412, asilimia 72.8. Cha pili kidogo, 88 kati ya 96, asilimia 91.7. Ukijumlisha asilimia ukagawanya kwa mbili unapata 82 na kitu. Kosa! Jumlisha watu kwanza: 388 kati ya 508, asilimia 76.4. Kitongoji kidogo hakiwezi kuvuta sawa na kikubwa.

Kutuma ni kwa ujumbe mfupi wa maneno, maana kuna maeneo bando halina kazi: kituo, saa, waliotoka, foleni, waliorudishwa. Mfano: B2, 6:00, 214, 31, 7. Vitochi, zile simu ndogo za vitufe, vinafaa kuliko simu kubwa, vinakaa na chaji mpaka usiku.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kongwa: Shikamoo dada. Jioni fomu ilionyesha kura za mwenyekiti wa kijiji 300, za mwenyekiti wa kitongoji 297. Mwitikio ni upi?

Marahaba mdogo wangu. Mwitikio ni watu waliowekewa alama kwenye orodha. Kama huwezi kuuona huo, chukua jumla iliyo kubwa, ikiwa na zilizoharibika ndani yake. Aliyeharibu kura amejitokeza kama wewe. Na hiyo tofauti ya tatu iandike pembeni: pengine mtu aliondoka na karatasi, au ilitumbukizwa sanduku la jirani. Tatu ni kawaida. Zingekuwa thelathini ningekuuliza maswali mengine.

Mwanachama wa Mpwapwa: Nataka kulinganisha na 2019 hapa mtaani kwetu. Nianzie wapi?

Kwanza uliza kama mlipiga kura. Mwaka 2019 sehemu nyingi sana wagombea walipita bila kupingwa, masanduku hayakufunguliwa. Mahali hapo mwitikio si sifuri, haupo kabisa, acha kisanduku wazi. Mwaka 2024 mgombea aliyekuwa peke yake alipigiwa kura ya ndiyo au hapana, hivyo pana watu wa kuhesabu. Wala usilinganishe na uchaguzi mkuu ukasema umefanya utafiti. Ule una daftari lingine, na wenyewe kwa wenyewe umepanda na kushuka: takriban asilimia 43 mwaka 2010, 67 mwaka 2015, 51 mwaka 2020.

Mwanachama wa Nkuhungu: Mtaa wetu una wapangaji na wanachuo wengi. Tulipata asilimia ndogo tukaonekana wazembe.

Hapo orodha yenu inabeba watu ambao siku ya kura hawapo. Mtumishi aliandikwa Oktoba, Novemba amehamishwa, au amepanda treni ya umeme kwenda kwao mapumziko. Jina linabaki chini linazidi kuivuta asilimia. Huwezi kuwafuta mwenyewe. Taja tu kwenye maelezo kwamba mtaa ni wa wapangaji, na uulinganishe na mtaa unaofanana nao, usiupeleke kushindana na kijiji cha Bahi.

Mwanachama wa Chamwino: Naweza kuweka namba zetu hadharani saa 6 mchana?

Mwitikio, ukiwa na kibali na masharti yake yanakuruhusu, ndiyo, kwa maneno haya: "kituo fulani, saa fulani, waliotoka wangapi kati ya wangapi". Nani anaongoza, hapana. Matokeo yana mtu wake wa kuyatangaza, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu juu ya taarifa za uongo. Mimi binafsi nasubiri kituo kifungwe.

Mwanachama wa Kondoa: Mwalimu, bibi yangu haoni, aliingia na mjukuu. Nihesabu wawili?

Mmoja. Mjukuu akipiga yake, atatoka tena.

Mwanachama wa Kongwa: Na ukibanwa haja je? Kituo chetu choo kiko mbali, nimekaa peke yangu.

Afadhali umeuliza, wengi wanaficha. Kabla ya kuondoka muulize msimamizi idadi ya alama zake, iandike na saa. Ukirudi muulize tena. Tofauti ndiyo waliopita ukiwa haupo, andika kwa kalamu nyekundu ili tujue hao hukuwaona wewe. Na chai ya asubuhi kunywa kikombe kimoja.