Jinsi ya kuhakikisha hifadhidata ya vinasaba vya mimea haikosi fedha

Hifadhidata ya vinasaba huanzishwa kwa fedha za mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mtafiti wa mbegu anayezihitaji data hizo hana tarehe hiyo. Mfano nitakaoutumia hapa ni TAIR, hifadhidata ya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali ambao ndio wa kwanza kati ya mimea yote kuchapishwa jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, mwaka 2000.

1. Anza wakati fedha zingalipo. TAIR ilianza 1999 kwa ruzuku ya NSF, mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani. Baadaye ruzuku ikapunguzwa hatua kwa hatua kuelekea kukoma, na mwaka 2013 wahusika wakaunda shirika lisilo la faida, Phoenix Bioinformatics, ili kazi iendelee. Muda ule wa kupungua ndio uliowaokoa. Wewe usingoje barua ya mfadhili. Miaka miwili kabla mradi haujaisha, mpango wa fedha uwe umeshaandikwa.

2. Tenganisha gharama. Seva na nakala za akiba andika peke yake, mishahara ya watu andika peke yake. Utaona kwamba kinachokula fedha ni watu: wahakiki wanaosoma makala za kisayansi na kuingiza kila jeni inafanya kazi gani, kwa ushahidi upi. Bajeti ikibana, hawa ndio hukatwa kwanza, na hapo hifadhidata hugeuka ghala la data zilizopitwa na wakati. Watetee kwa jina la kazi yao, kwenye mstari wao wenyewe wa bajeti.

3. Kusanya ushahidi wa matumizi. Chukua kumbukumbu za seva, uzipange kwa taasisi na kwa nchi. Ongeza makala zilizotaja hifadhidata yako, na barua kutoka vituo vinavyoitegemea.

4. Amua nani atalipa. Hapa usifanye haraka.

TAIR ilichagua ada. Vyuo, kampuni na watafiti binafsi hulipia data mpya, kisha data hufunguliwa kwa wote baada ya mwaka mmoja. Ni njia inayofanya kazi pale ambapo maktaba za vyuo zina bajeti. Kwetu Afrika Mashariki ada inaweza kumfungia nje yule yule aliyeleta sampuli kutoka shambani, na hilo mimi silikubali. Ukichagua ada, msamaha kwa nchi zenye kipato kidogo uandikwe ndani ya mkataba.

Njia ya pili ni kugawana mitambo. Cassavabase, hifadhidata ya muhogo inayotumiwa na watafiti wakiwemo wa Uganda na Tanzania wanaopambana na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, inaendeshwa kwa programu ya Breedbase. Programu hiyo hiyo inabeba hifadhidata za ndizi, viazi vikuu na viazi vitamu, kwa hiyo marekebisho yanayofanywa kwa zao moja yanayafaa na mengine.

Njia ya tatu ni mfuko wa kudumu unaotumia faida ya uwekezaji, kama Crop Trust, iliyoundwa 2004, inavyofanya kwa benki za mbegu. Mfuko wa aina hii unahitaji mtaji mkubwa, hivyo usiufuate peke yako. Jiunge na mazao mengine.

5. Weka kifungu kwenye kila andiko la mradi. Kila mradi utakaoleta data ulipie kuzipokea, kuzihakiki na kuzitunza hata baada ya mradi kwisha. Zungumza na watafiti kabla hawajatuma andiko. Likishapitishwa, kuongeza mstari wa bajeti ni vigumu mno.

6. Jiandae kwa siku ya kukosa fedha. Mifuatano ya DNA iwekwe pia kwenye hazina za umma kama ENA ya Ulaya au GenBank ya Marekani. Data za mashambani zitolewe kwa muundo ulio wazi, pamoja na maelezo ya kila safu. Mara moja kwa mwaka, mpe nakala ya data hizo mtu ambaye hakuiandaa, airejeshe kwenye kompyuta nyingine bila kukuuliza chochote. Kila atakapokwama, pajazie maelezo hapo.