Ubuntu au Debian? Usiiulize kompaila

Mimi niliandika programu ya C ya kusoma mizani ya ghala la viazi pale Uyole. Kwangu Mwanjelwa, kwenye Ubuntu 22.04, ilikwenda vizuri. Ghalani, kwenye Debian 11, ikagoma: `GLIBC_2.34 not found`, yaani haikupata toleo la 2.34 la glibc, maktaba ya msingi ya C. Nikaamini kila distro (toleo la Linux, kama Ubuntu au Debian) ina makro yake, yaani jina ambalo kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, huliweka ili msimbo ujue uko wapi. Nikazisaka makro hizo siku mbili nzima. Wewe usizipoteze siku hizo.

Mwambie kompaila, hapa GCC, akuonyeshe makro anazoziweka mwenyewe:

`gcc -dM -E -x c /dev/null | sort`

Zitamiminika mamia. `__linux__` utaikuta, na `__x86_64__` kama chipu ni ya aina hiyo. Jina la Ubuntu au Debian halimo. GCC ya Red Hat, distro nyingine, huongeza `__GNUC_RH_RELEASE__`, lakini hiyo inaeleza kompaila ilikotoka. Kompaila anahitaji kujua chipu na aina ya mfumo endeshi, na kwa hayo Ubuntu na Debian ni ndugu. Wanachotofautiana zaidi ni umri wa vifurushi vyao vya programu.

Basi ulizia kifurushi kinachokusumbua, hapa glibc. Weka `#include <features.h>`, kisha chapisha `__GLIBC__` na `__GLIBC_MINOR__`. Kwangu ilitoka 2.35, ghalani 2.31. Programu iliyojengwa juu ya glibc mpya mara nyingi haikubali kushuka kwenye ya zamani. Nikabeba faili la msimbo hadi Uyole, nikalikompaili kwenye kompyuta ileile ya ghala, kati ya magunia, na uzito ukasomeka. Tangu hapo najenga kila kitu kwenye mashine yenye glibc ya zamani kuliko zote nitakazozihudumia.

Ukitumia `-std=c11` (C ya kiwango rasmi), andika `__linux__`; ile `linux` tupu hutoweka.

Ukitaka jina la distro kwa lazima, lipo kwenye `/etc/os-release`. Unaweza kulipachika wakati wa kukompaili:

`. /etc/os-release`
`gcc -DDISTRO="\"$ID\"" mizani.c -o mizani`

Ila jina hilo litabaki la mashine uliyokompailia, hata ukiihamishia programu Tukuyu. Kwa hiyo napendelea programu ilisome faili lenyewe kila inapowashwa: tafuta mstari unaoanza na `ID=`, halafu `VERSION_ID=`. Faili lisipokuwepo, jaribu `/usr/lib/os-release`. Na uondoe alama za kunukuu kabla ya kulinganisha, maana Ubuntu huandika `"22.04"` pamoja nazo.